Doa Kwenye Gauni la Samawati

Kila asubuhi nyumba ile iliamshwa na sauti mbili: cherehani ya mama na mdomo wa binti yake. Cherehani ilinyamaza uzi ulipokatika. Mdomo haukuwa na uzi wa kukatika, na ndiyo maana nyumbani na shuleni kila mtu alimwita yule binti Chiriku. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mchezo wake mkubwa ulikuwa kuruka kamba kwenye sakafu ya saruji nyuma ya nyumba, huku akisimulia habari za darasa zima bila kukosea hata mruko mmoja.

Kisha mguu ukaanza kuuma. Ulikuwa mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Mwanzoni Chiriku aliruka hivyo hivyo. Baadaye akaanza kuchechemea, na mwishowe akawa anakaa kizingitini akiwahesabia wenzake. Mama yake akampeleka kwa daktari. Eksirei haikuonyesha kitu, lakini ukimgusa pale alirusha mguu na machozi yakamlengalenga.

"Kuna picha ya aina nyingine," daktari alimwambia mama. "Inapigwa kwenye hospitali kubwa, na kabla yake mtoto anachomwa sindano ya dawa maalumu. Siku hiyo mvalishe nguo nyepesi isiyo na zipu wala vifungo vya chuma."

Mama alikuwa fundi wa nguo, na kumwambia fundi wa nguo habari ya nguo ni kumpa kazi. Alifungua sanduku akatoa kitambaa cha samawati, laini, alichokuwa amejiwekea mwenyewe kwa muda mrefu akingoja shughuli ya kukishonea. Akamshonea Chiriku gauni pana la kufunga kwa utepe shingoni. Chiriku alipolivaa alizunguka chumbani kwa mguu mmoja, na gauni likafunguka kama mwavuli.

"Hilo ulitunze," mama alisema. "Kitambaa chake hakipatikani tena."

Mdogo wake, aliyekuwa na pengo la meno mawili ya mbele, alimtazama kwa wivu. "Wakishakuchoma hiyo dawa utawaka," alisema. "Usiku hatutawasha taa. Tutakuweka wewe katikati ya meza."

Chiriku alicheka, lakini maneno yale yalimwingia. Njiani kuelekea hospitali hakuongea sana. Aliitazama mikono yake mara kwa mara, kana kwamba aliiaga.

Chumba cha picha kilikuwa na pazia jepesi lililopumuapumua dirishani. Mtaalamu wa picha alikuwa mama wa makamo, amevaa raba zisizotoa sauti kabisa, hata mtu alishtukia tu amefika.

"Shikamoo, anti," Chiriku alisema.

"Marahaba, mwanangu. Uliza lolote kabla hatujaanza."

"Nitawaka?"

Mtaalamu alicheka. "Nani kakudanganya?"

"Mdogo wangu."

"Mwambie asizime taa bado. Dawa hii ina mionzi kidogo sana. Inapita kwenye damu, halafu inakwenda kukaa kwenye mifupa. Mahali mfupa unapojikarabati, inakaa nyingi zaidi. Macho ya watu hayaioni. Kamera yetu ndiyo inayoiona."

Alimpaka mkononi dawa ya ganzi, wakangoja kidogo, kisha akaingiza sindano. Chiriku alihisi kama amefinywa na mtu mwenye haraka, basi. Plasta ikabandikwa.

"Sasa sikiliza vizuri," mtaalamu alisema. "Dawa itachukua saa kadhaa kufika kwenye mifupa. Wewe kunywa maji mengi, maana inayobaki inatoka kwa mkojo. Nenda chooni mara kwa mara na unawe mikono. Na mkojo ukikudondokea kwenye nguo au mwilini, hata tone moja, uniambie. Hilo si kosa, linawatokea hata wakubwa. Lakini kamera haijui gauni ni lipi na mfupa ni upi. Itaonyesha tone hilo kama doa la mwilini."

"Sawa, anti," Chiriku alisema. Alisikia vizuri, kila neno.

Wakaenda kungoja kwenye ukumbi. Mama alitoa shati la mteja na kuanza kulipiga pindo kwa mkono, utepe wa kupimia ukiwa shingoni kama kawaida yake. Hata hospitali alikuja nao bila kujua. Chiriku alikunywa maji chupa baada ya chupa. Joto la mchana likaingia polepole, na sindano ya mama ikapanda na kushuka, ikapanda na kushuka. Chiriku akafumba macho. Akaiona ile dawa ndani yake, watu wadogo wadogo wenye vitaa, wakitembea kimya kwenye njia za damu na kuulizana, "Mifupa iko wapi? Mifupa iko wapi?" Alitaka kuwaelekeza lakini mdomo ulikuwa mzito.

Alizinduka amebanwa vibaya. Aliondoka mbio, akichechemea, bila hata kuaga. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa na mtu alikuwa ndani akiimba taratibu, mtu asiye na haraka na dunia. Alipotoka, Chiriku aliingia na kuhangaika na lile gauni pana, na kabla hajalikusanya lote, matone machache yakatangulia. Yalitua ubavuni, usawa wa nyonga.

Aliganda. Miaka kumi na mmoja! Tena kwenye kitambaa cha mama! Alifuta kwa karatasi, akapepea, akapuliza. Aliporudi ukumbini alikaa ameegemea ukuta, na baada ya muda kitambaa kikakauka. Hakukuwa na alama yoyote. Samawati ilikuwa samawati tupu. Chiriku akajiambia kwamba jambo lisiloonekana halipo.

Walipoitwa, alilala kwenye kitanda chembamba. Kamera ilikuwa sahani kubwa bapa, pana kama meza, nayo ilishuka taratibu mpaka karibu na pua yake. Haikumgusa. Mama alikaa karibu kwenye kiti.

"Haitoi kitu, inapokea tu," mtaalamu alisema. "Kazi yako ni kutulia."

Chiriku akatulia tuli kama maji mtungini. Mashine ilinguruma kwa mbali, na ndoto yake ikarudi pale ilipoishia. Safari hii alikuwa mji mzima wakati wa machweo, na wale watu wadogo walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwasha taa: mtaa wa mbavu, mtaa wa mgongo, vichochoro vya vidole. Chini ya goti walikusanyika wengi, kama mafundi waliopata kazi. Ilikuwa safari nzuri, na alisikitika kamera ilipopanda.

Mtaalamu alikuwa ameinama mbele ya skrini. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyopendeza.

"Chiriku, mwanangu. Ulipokwenda chooni, hakuna kilichodondokea nguo?"

Mama aliinua uso. Chiriku aliyaona macho yake, akaliona gauni, akaona haya mpaka masikio yakapata moto.

"Hapana," alisema.

Hilo lilikuwa jibu fupi kuliko yote aliyowahi kutoa maishani, na mtu anayemjua angeshtuka papo hapo. Mtaalamu hakumjua. Alikwenda kumwita daktari wa picha, mzee mwenye miwani aliyoiweka juu ya paji la uso.

"Hapa chini ya goti nilipategemea," mzee alimwambia mama akionyesha skrini. "Lakini hapa kwenye nyonga kuna doa jingine, na limekolea. Sipendi kukutisha, mama. Itabidi mtoto alazwe tumwangalie zaidi. Huenda tukahitaji kutoa kipande kidogo cha mfupa ili tukipime."

"Ni kitu kibaya?" mama aliuliza.

"Siwezi kusema mpaka tupime."

Mama hakulia. Alishika utepe wake wa kupimia na kuanza kuuzungusha kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena. Vidole vile viliweza kutunga uzi kwenye tundu la sindano gizani, lakini sasa vilishindwa kuushika utepe, ukaanguka sakafuni. Chiriku aliuangalia utepe ule pale chini. Hofu ya kuchekwa ikawa kitu kidogo, kidogo kabisa. Akapiga moyo konde.

"Mama, si mfupa. Ni gauni. Nimesema uongo. Choo kilikuwa na mtu, halafu gauni pana, halafu yakatoka kidogo hapa, nikapepea yakakauka, nikaona aibu kwa sababu kitambaa ulikuwa umejiwekea wewe na mimi ni mkubwa, na anti aliniambia kabisa nimwambie, nami sikumwambia..."

"Pumua," mtaalamu alisema, akimshika bega. "Sasa umenena. Twende tukanawe."

Chiriku alinawa nyonga kwa sabuni, akavalishwa nguo ya hospitali iliyomfika visiginoni, akalala tena chini ya kamera. Mama alisimama nyuma ya mtaalamu. Picha ikajichora polepole. Nyonga ilikuwa safi.

Mtaalamu alikuwa na jambo moja zaidi. Alilitandaza gauni peke yake juu ya kitanda, kwa adabu zote kama mgonjwa, akaishusha kamera juu yake. Wote wakatazama skrini. Hapakuwa na mikono wala shingo wala utepe. Palikuwa na giza, na ndani ya giza nukta moja ndogo ikielea.

"Huyo ndiye mgonjwa wetu," mzee alisema, akishusha miwani. "Alitaka kulazwa bure."

Mama akacheka, na kucheka kukamletea machozi yale aliyoyazuia. Chiriku akamwokotea utepe.

Ule mguu sasa ulisomeka wazi. Mfupa wa muundi, chini ya goti, ulikuwa na ufa mwembamba uliotokana na kuruka sana kwenye saruji ngumu. Ungepona wenyewe, kwa sharti kwamba kamba itundikwe ukutani mpaka daktari aseme. Gauni lilitiwa kwenye mfuko. "Kesho mlifue kama nguo yoyote," mtaalamu alisema. "Nguvu ya dawa inaisha yenyewe. Na wewe endelea kunywa maji."

Jioni ile mdogo wake alivuta pazia la chumba na kumkodolea macho.

"Mbona huwaki?"

"Gauni ndilo lililowaka," Chiriku alisema, akamsimulia yote, pamoja na choo na yule mwimbaji na lile jibu la uongo, bila kuruka kitu. Mvulana alisikiliza mdomo wazi, pengo nje.

Cherehani ilikuwa inaendelea chumba cha pili. Chiriku alikwenda akasimama mlangoni, mguu mmoja ukiwa umepumzika.

"Mama, umekasirika kwa ajili ya kitambaa?"

Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio. Mashine ikanyamaza.

"Njoo hapa. Leo nilikasirika, lakini si kwa matone. Matone yanafuliwa. Ulipomficha yule anti, wangeweza kukukata mahali pasipouma. Daktari anatibu kile unachomwambia, mwanangu. Ukimpa uongo, anautibu huo uongo kwenye mwili wako. Mwilini mwako hakuna aibu ya kunificha mimi wala wao. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Lakini kitambaa hakipatikani tena, ulisema."

Mama alimvuta, akauzungusha utepe wa kupimia kiunoni mwake, akaushika pale bila kusoma namba.

"Gauni likiharibika naingia dukani, natafuta kingine kinachofanana, nashona," alisema. "Wewe ukiharibika, naingia duka gani?"

Chiriku akaweka mikono yake juu ya ile ya mama, palepale kwenye utepe.