Jina Lililoitwa Mtoni Sio

Saa tatu asubuhi. Malaba.

Chumba cha nyuma kilinuka gundi na mbao mbichi. Mbele, fundi wa majeneza alikuwa anagonga misumari. Nje, malori yaliyongoja kuingia Uganda yalipiga honi kama ng'ombe waliokosa maji.

Robinson alipanga chupa tatu za soda juu ya jeneza tupu.

"Stoo ya wapimaji, Busia. Barabara. Mto." Aligusa kila chupa kwa kidole. "Tunataka boksi la njano tu. Likivuka mto Sio, tumemaliza."

Ndani ya boksi hilo serikali ilikuwa imeweka kazi ya mwaka mzima: kina cha maji kutoka mtoni hadi ziwani, mashua zinapopita na zinapojificha. Kwa habari hizo ingechora njia halali, na chombo kisicho na namba kisingegusa maji tena. Wavushaji wa sukari ya magendo wa ng'ambo walilitaka kabla halijapelekwa Nairobi.

Okedi alilijua. Ndiye aliyewapigia wapimaji kasia. Kibarua kilipoisha, walewale waliikamata mashua yake kwa kukosa namba, wakaifungia uani kwao. Wanawe walikula kutokana na mashua ile. Sasa walikula kwa majirani.

"Na mashua yangu?"

"Boss, nina mtu pale ndani," Robinson alimjibu. " Boksi likivuka, mashua inatoka."

Nasambu, mwanamke pekee kati yao, alicheka. "Mzee wa kwaya, umeshaomba?"

"Nimeomba."

"Uliomba nini? Malaika watushikie kufuli?"

 Alfajiri Okedi alikuwa amepiga magoti, na maneno yakakataa kutoka.

Saa saba mchana. Busia.

Siku ya soko. Nasambu alimwita mlinzi kivulini kwa wali na samaki, akamkalia mbele kama ukuta. Robinson alikata kufuli. Okedi aliingia, akatoka na boksi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Likalala ndani ya jeneza. Pikapu iliyolibeba ilifungwa vitambaa vyekundu vya msiba.

Kwenye kizuizi, askari alivua kofia.

"Poleni."

"Ni kazi ya Mungu, afande," Robinson alisema.

Saa nane na nusu. Mto Sio.

Kwenye njia ya panya, wanawake waliacha kufua. Wabebaji waliweka magunia chini, wakalishika jeneza bila kuombwa, wakaliingiza katika mashua ambayo Robinson alikuwa ameikodi. Yeye alipanda na jiwe kubwa lililofungwa kamba.

"La nini?" Okedi aliuliza.

"Nanga. Piga kasia."

Walipofika katikati, ng'ambo zote mbili zilinyamaza. Okedi aliuelewa ukimya ule. Alikuwa amevusha maiti wengi. Maiti havushwi hivihivi. Lazima aitwe katikati ya mto, aambiwe: fulani, tunavuka, twende pamoja. Asipoitwa hubaki majini, na mto hudai mwingine. Walikuwa wamepanga kufuli, mlinzi na vitambaa. Maiti wao hawakumpa jina.

"Mwiteni!" mama mmoja alipaza sauti. "Mnampeleka kama mbuzi?"

"Mwite," Nasambu alinong'ona.

"Mwite wewe," Robinson alimjibu.

"Nimwite nani? Ndugu yangu?" Hata yeye, aliyecheka kila kitu, hakucheka. Nani angelikopesha jeneza jina la mtu wake aliye hai?

Wanaume wawili ukingoni walianza kufungua mashua yao wawafuate. Robinson aliweka viganja mdomoni, akapaza la kwanza lililomjia.

"Okedi! Okedi, tunavuka! Twende nyumbani!"

Yaujazayo moyo ndiyo mtu huyanena. Okedi alitazama jiwe. Alitazama kamba. Mto mwembamba kama huu hauna haja ya nanga.

"Okedi gani?" sauti iliuliza ukingoni. "Si Okedi ndiye huyo ameshika kasia?"

Kicheko kikaanza, kikakatika. Mashua ya wale wawili ikaingia majini.

"Ulikuwa uniue, boss?"

"Wapimaji wanakujua sura. Wangekushika leo, na wewe ungesema." Robinson alisema taratibu, kama anayemwelekeza mteja.

Okedi alimgeukia Nasambu. Nasambu aliangalia maji.

Robinson akalirukia jiwe. Okedi akasimama. Mashua ikalala ubavu. Jeneza lilifunguka kifuniko, boksi la njano likatoka, likazama bila hata kuelea. Robinson aliogelea hadi ng'ambo, akapanda ukingo, hakugeuka. Okedi na Nasambu walivutwa kwa nguo na wale waliokuja kuwapa pole.

Saa tatu asubuhi. Mahabusu, siku iliyofuata.

"Wapimaji wanaanza upya," askari alimwambia Okedi. "Njia halali itachorwa tu. Na mashua yako sasa ni ushahidi wa kesi. Itaozea pale."

Mkewe, Wilkister, alileta chai. Alikiweka kikombe sakafuni, akakisukuma chini ya nondo.

"Nipe mkononi, mama."

"Watu wanasema umeshaitwa."

"Niko hapa, Wilkister."

"Naona." Alifunika uso kwa leso. "Lakini watoto nitawaambia nini? Mto mzima ulisikia."

Akaondoka. Okedi alipiga magoti. Alijaribu kumtajia Mungu jina lake, ajue ni nani anayeomba. Ulimi uligoma.

Askari alikuja na funguo, akaita wanaokwenda kortini.

"Okedi!"

Hakuna aliyesimama.

"Okedi!"

Okedi alitazama mlango, akangoja mwingine aitike.