Frajer Aliyerudisha Njiwa

"Baba, fungua. Kanisani wanatusubiri."

"Nendeni. Mimi simbariki frajer."

Urszula aliegemea mlango wa banda la njiwa, gauni jeupe limeanza kushika vumbi. Pale Bytom, mji wa Poland, bibi harusi hatoki nyumbani wazazi hawajawabariki yeye na mwenzake. Mama alishafariki. Alibaki baba tu, mzee Alojzy, na baba kajifungia.

Kisa chenyewe njiwa. Wiki moja kabla ya mashindano ya mbio za njiwa ya mwezi wa tano, Henryk, mchumba wa Urszula, aliokota dume la jirani Ginter likiwa hoi, akalinywesha maji, akamrudishia mwenyewe. Dume hilo likashika namba moja. Njiwa jike wa kijivu wa mzee Alojzy, aliyempenda kama mtoto, hakurudi kabisa. Tangu siku hiyo mchumba wa watu hana jina lingine ila frajer: boya, bwege anayewanufaisha wapinzani wa mkwewe.

"Muombe msamaha," Urszula alimnong'oneza Henryk. "Sema ulikosea, yaishe."

"Sikukosea, Urszula. Nikimdanganya baba leo, kesho nitakudanganya wewe."

Urszula alitamani kumpiga kwa shada la maua. Lakini kwa ajili ya maneno kama hayo ndiyo alimpenda, na alilijua hilo.

"Basi twende hivyohivyo," alisema, machozi yakimlenga, akamshika mkono.

Getini wakakutana na Ginter, kikapu kwapani, wakarudi naye bandani.

"Alojzy, fungua! Jike wako katua kwangu asubuhi hii. Bawa limeumia, ila mzima."

Komeo likalia. Mzee akatoka, suti imejaa mtama, akampokea njiwa wake kwa mikono miwili.

"Ungekaa naye," alimwambia Ginter. "Nisingejua."

"Mkweo alinirudishia wangu. Ningekutazamaje?"

Mzee alilipapasa lile bawa.

"Sasa nina mafrajer wawili," alisema.

Akajifuta kiganja kwenye suruali, akakiweka juu ya kichwa cha Henryk, kisha cha binti yake.

"Mungu awatunze, wanangu."

Urszula alilia kwa sauti, mzigo wa miezi yote umemtoka kifuani. Baba akamkabidhi Ginter ufunguo wa banda.

"Mfunge bawa, halafu uje kanisani. Utakaa meza yangu."