Jino la Machimboni

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi ya Juni, jino la dinosaria lilikuwa halipo. Kisanduku cha kioo kilikuwa wazi, kufuli halikuvunjwa, na Ambokile, kijana wa Tukuyu aliyeongoza wageni katika machimbo yale ya zamani nyuma ya Queensburgh, Durban, alisimama ameshika kichwa.

Athanase alisikia kelele akiwa ndani ya basi, ameshavua viatu. Zamani alikuwa inspekta wa polisi Bukavu. Siku hizi alilinda magari ya watu pale Warwick Junction, siku sita kwa wiki, na miguu yake ilikuwa imechoka. Alikuja na watoto kumi na wanne wa kanisa kwa sababu binti yake Marie-Jeanne, mwalimu wao, alimbembeleza. Yeye alitaka usingizi tu.

"Papa, shuka," Marie-Jeanne alisema mlangoni. "Wanasema ni Grâce."

Grâce alikuwa binti wa Marie-Jeanne, miaka tisa. Meneja wa mahali pale alikuwa amemkamata kiganja, akionyesha kila mtu vidole vyenye vumbi jeupe. Vumbi la jino hilo, alisema kwa Kiingereza. Basi halitoki mpaka polisi wafike. Marie-Jeanne alihesabu siku. Jumanne alikuwa na miadi ya kufanya upya karatasi zake za ukimbizi, na kesi ya wizi ndani ya familia ingetosha kuzizuia.

Athanase aliomba nusu saa. Mifuko ya watoto ikamwagwa: mikate, na kokoto za kawaida. Pascal, dereva, alionekana asubuhi akivuta sigara karibu na meza ya kisanduku, kwa hiyo naye akapekuliwa. Alikuwa na rozari na kiberiti. Grâce ndiye aliyekiri jambo, bila kulazimishwa. Saa tano kasoro dakika kumi, Ambokile alipofungua kioo ili watoto waone, yeye alikuwa ametoka bombani kunywa maji, mikono bado mibichi. Akaligusa.

"Mara moja tu, Babu. Akanigombeza. Akasema maji yanaliharibu."

Saa tano na dakika tano watoto wote walishuka kula. Juu alibaki Ambokile peke yake, akifuta meza.

Athanase alipanda mpaka kwenye meza hiyo, akilaani kila ngazi. Kando ya kisanduku kulikuwa na mfupa wa mgongo wa dinosaria, uliowekwa uguswe na kila mgeni, umekuwa jiwe kama lile jino. Alilowesha kidole kwa mate, akausugua kwa nguvu. Kidole kilitoka safi. Kisha akainama chini ya meza, akaona ndoo ya Ambokile. Maji yake yalikuwa meupe kama maziwa.

Aliporudi aliuinua mkono wa mjukuu wake, akalamba ncha ya kidole. Meneja alikunja uso. Athanase alifumba macho, maana ladha ile aliijua: ni pemba, udongo mweupe ambao wanawake wenye mimba hulamba, unaouzwa Warwick hatua kumi tu kutoka anaposimama. Marehemu mkewe Clara, akiwa na mimba ya Marie-Jeanne, aliuficha chini ya mto. Athanase alipombusu, aliuonja mdomoni mwake.

"Ambokile," alisema, "jiwe linaogopa maji?"

Kijana alifuta mikono kwenye suruali.

"Hili lako lilikuwa la pemba. Ulilichonga wewe. Mtoto alipoligusa na maji likaanza kuyeyuka, ukalimalizia mu ndoo, ukapiga kelele. Na ufunguo iko na wewe peke yako. La kweli iko wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ambokile alikaa chini. Aliliuza mwezi wa tatu, alisema, kwa mtu anayekusanya vitu vya kale. Dada yake Bupe alikuwa amefia hapa Durban, mwili umekaa mochari wiki tano, na nyumbani mama yao alishachimbisha kaburi kando ya la baba. Kwa fedha za lile jino alimfikisha Bupe Tukuyu.

"Nilijua mtoto hafungwi, mzee. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Athanase alimtazama. Hasira alikuwa nayo, lakini hata hiyo ilikuwa imechoka.

"Mke wangu nilimzika hapa hapa," alisema. "Mwaka wa sita sasa, ndugu zake hawajaona kaburi. Lakini sikumtwika mtoto wa mtu mzigo wangu."

Marie-Jeanne alimfasiria meneja yote. Meneja akauachia mkono wa Grâce, akaenda kupiga simu, na hakuomba radhi.

Saa saba kasoro robo basi likaondoka. Grâce alimlalia babu yake begani, akauliza kama pemba ni tamu.

"Ni udongo tu," alisema. "Bibi yako aliupenda."

Taa nyekundu ikawasimamisha, na Pascal akauliza kama wanakwenda moja kwa moja mjini. Athanase akamwambia hapana, wapitie makaburini kwanza. Viatu hakuvivua tena.