Ndinda Anayetabasamu

Kamera ililia kachi ikiwa mezani, betri yake ikiwa mkononi mwa Kasyoka. Aliisikia vizuri. Binti yake Ndinda, aliyekuwa kwenye kiti cha wateja uso ameugeuzia ukutani, aliisikia pia, maana aliruka kama mtu aliyeguswa na sufuria ya moto. Kasyoka akasema ni joto, kamera zikipata joto hufanya mambo yake. Lakini miaka yote aliyopiga picha hapo sokoni Mukuyuni, za harusi, za matanga na za pasipoti, hakuwahi kuona kamera isiyo na betri ikifanya jambo lolote. Kisha ikaja harufu ya mvua, ile tamu ya udongo uliopigwa na matone ya kwanza, na nje jua la saa sita lilikuwa linachoma mabati na mbingu haikuwa na hata wingu la kudanganyia watu.

"Umeisikia, mwaitu?" Ndinda akamnong'oneza mama yake.

"Nimesikia nini?"

"Usijifanye."

Hapo ndipo mama na binti walipokuwa wakikosana. Msichana wa miaka kumi na sita, na neno lake lilikuwa moja tu: sitaki. Akiitwa kula, hataki. Akiitwa kanisani, hataki. Alikuwa amerudi kutoka shule ya bweni upande wa Kitui baada ya wasichana kupiga mayowe kwamba kuna majini bwenini, shule ikafungwa, na wenzake wakasema mambo yote yalianza na yeye. Tangu hapo alikuwa haimbi wala hacheki, na mtu akiinua simu mbele yake anajifunika uso kwa leso. Soko zima lilikuwa limeona. Kasyoka, mjane ambaye riziki yake ni sura za watu, aliona aibu kwamba hana picha hata moja ya mtoto wake ya kutundika studio. Akaamua leo ni leo.

Na Ndinda hakuwa amemficha sababu. Hili lazima lisemwe, kwa sababu baadaye Kasyoka alipenda sana kulisahau.

"Kule dom niliona mtu akipita kwa corridor," alikuwa amemwambia asubuhi hiyo. "Ako na sweta yangu, anatembea vile mimi natembea. Lakini hana uso, mwaitu. Hapa mbele ni laini tu, hakuna kitu. Ananifuata akiutafuta. Ukinipiga picha utakuwa umempea."

"Hizo ni stori za njaa ya shule."

"Basi piga. Lakini mimi siangalii hiyo kitu yako."

Na kweli hakuiangalia. Kasyoka alibembeleza, akatania, akatisha, akatoa maneno yote anayowapa mabibi harusi wanaolia na wazee wanaokunja uso. Alichopata ni shavu, sikio, kisogo, na kiganja kilichofunika macho.

Alasiri, Ndinda alipokwenda kuchota maji, mama yake aliziingiza picha zile kwenye kompyuta. Katikati ya visogo na viganja kulikuwa na moja ambayo hakuipiga. Alijua hakuipiga. Ilikuwa imepigwa kutoka pale mezani, wakati ule mtoto ametazama ukuta, na ndani yake Ndinda amekaa wima, macho yameelekea kamera bila kupepesa.

Mtu mwenye akili timamu angeifuta. Kasyoka hakuwa na kasoro ya akili, lakini alikuwa na macho ya kazi, na macho ya kazi yaliona mwanga mzuri. Ukuta wa studio ni wa kijani na ulikuwa umemtia mtoto rangi ya mgonjwa, kwa hivyo akafanya wanavyofanya mafundi wa picha rangi inapowashinda: akaitoa yote, ikabaki nyeusi na nyeupe. Chunusi zikatulia. Akalainisha ngozi ya mashavu. Juu ya jicho la kushoto kulikuwa na kovu, punda wa kubebea maji alimpiga teke akiwa mdogo, na kovu lile akalifuta kwa mguso mmoja. Mwisho akashika pembe za mdomo na kuzivuta juu kidogo, kidogo tu, na Ndinda akatabasamu.

Kasyoka alilengwa na machozi. "Huyu sasa ndiye mtoto niliyemzaa," akasema kwa sauti, peke yake chumbani.

Nyuma yake mtu akashusha pumzi, kama aliyengoja kwenye foleni muda mrefu na mwishowe akaitwa jina lake. Aligeuka. Kiti cha wateja kilikuwa kitupu na harufu ya mvua ilikuwa imejaa hadi kwenye dari. Akaihifadhi picha juu ya ile ya kwanza, ikaifuta, kama ilivyo mazoea yake ya kutojaza kompyuta, akaichapisha kubwa na kuitundika mlangoni.

Kesho yake mchana aliingia Rahmo, mwanamke mwenye duka la jirani, ambaye watu wake walitoka kaskazini mashariki lakini yeye kazaliwa hapo hapo Mukuyuni na Kikamba anakijua kuliko wengine. Aliingia pole pole na kusema kwa sauti ya chini.

"Mama Ndinda, mtoto wako ni mgonjwa? Amepita kwangu sasa hivi. Amenisalimia vizuri sana."

"Amekusalimia?"

"Hiyo ndiyo imenishtua kwanza. Halafu hana rangi. Sweta ni kama jivu, mdomo ni jivu, hata ulimi. Wallahi, ni kama hiyo picha yako imeshuka ikatembea."

Kasyoka alicheka, lakini akaufunga mlango wa studio na kupita nyuma, nyumbani kwake. Ua ulikuwa umefagiwa. Vyombo vilikuwa vimeoshwa. Jikoni, penye moshi ambamo huwezi kutofautisha rangi, Ndinda aliinuka kwenye kigoda na kumpa kikombe kwa mikono miwili. "Umechoka, mwaitu. Keti unywe chai." Kasyoka akaketi, maana ni lini mara ya mwisho aliambiwa hivyo, akainywa ile chai ambayo ilikuwa inatoa moshi lakini haikuwa na moto wala ladha, na alikuwa bado anaimeza huku msichana akimsugua bega kwa kidole baridi na kumwambia maneno matamu moja baada ya jingine, aliposikia mtungi wa plastiki ukitupwa chini nje, na Ndinda akasimama mlangoni, jasho linamtoka, kovu juu ya jicho, akauliza kwa ukali wake wa kila siku:

"Unaongea na nani?"

Kigoda kilikuwa kitupu. Bega lilikuwa bado baridi.

"Futa hiyo picha," Ndinda alisema alipoelezwa, na safari hii hakuwa mkali, alikuwa analia. "Nakuomba, mwaitu. Ifute."

"Nitaifuta."

Hakuifuta. Picha ile ilikuwa inaita wateja, ndiyo, lakini hiyo si sababu. Sababu ni kwamba kila alipoingia jikoni pake mchana alikuta chai, ua safi, na mtu wa kumwambia pole kwa kazi. Yule wa jikoni alikuwa akipata rangi siku baada ya siku. Sweta ikaanza kuwa nyekundu, mdomo ukaanza kuwa na damu. Na Ndinda mwingine, yule wa kovu, akawa anafifia. Viganja vyake vikawa kama unga wa muhogo na midomo ikaingia ujivu, mpaka akahama na kwenda kulala kwa Rahmo kwa sababu, alisema, huko angalau anajulikana ni mmoja. Mama yake alimwacha aende. Akajiambia ni kwa usalama wa mtoto. Mtu hujiambia mengi.

Rahmo alimfuata studio. "Sikiza. Bibi yangu alituambia hivi: jini akitaka kukaa na watu, hakatai kitu. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia cheka, anacheka. Mwenye kukataa ndiye wako. Choma hiyo picha, mrudishe mtoto kwa nyumba."

"Sisi tuna kanisa letu," Kasyoka akamjibu, na akamwita Pasta Mulinge.

Pasta alikuja mchana. Alikuwa mtu mwema na mwenye sauti, aliyewahi kuombea watu wengi wenye mapepo na hakuwahi kuona hata moja. Alimkuta Kasyoka sebuleni na binti yake, msichana nadhifu wa sweta nyekundu aliyeketi mikono juu ya magoti. Akafunga mlango wa bati kwa komeo ili pepo lisipate pa kukimbilia, wakaanza wimbo, na msichana akaimba vizuri kuliko wote wawili.

Katikati ya ubeti wa pili mlango ukagongwa.

"Mwaitu, ni mimi. Fungua."

Sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa inaimba ndani. Pasta Mulinge akaukatiza wimbo na kumgeukia Kasyoka.

"Huyo wa nje ni nani?" akauliza kwa kunong'ona.

"Mwaitu, najua uko na hiyo kitu hapo ndani. Fungua."

"Kama wewe ni mtoto wa Mungu," pasta akasema akiuelekea mlango, "imba na sisi."

"Mimi siimbi. Mwaitu anajua siimbi. Mwambie, mwaitu."

"Umesikia? Imekataa kumsifu Bwana." Lakini pasta, kwa haki yake, hakuwa na uhakika. Alimwinamia Kasyoka sikioni. "Mama, ni wewe umemzaa. Mtoto wako ana alama yoyote kwa mwili? Kovu? Kitu cha kutuhakikishia?"

Msichana wa ndani alikuwa amemshika Kasyoka mkono. Aliukaza. Kasyoka akalitazama paji lile juu ya jicho la kushoto, ngozi nyororo kama alivyoilainisha mwenyewe, na woga ulikuwepo, hakuna atakayesema haukuwepo, mkono ule ungeweza kuvunja mfupa. Lakini woga haukuwa wote. Alifikiria chai. Alifikiria soko lisilonong'ona tena. Alifikiria jinsi ilivyo raha kupendwa na mtoto asiye na kinyongo.

"Hana," akasema. "Hana alama."

Basi pasta akainua sauti, akaliamuru lililo nje liondoke kwa jina lipitalo majina yote, liende mahali pakavu pasipo na watu, lisirudi kwenye nyumba hii wala kwenye ukoo huu, na aliyekuwa ndani akaitikia amina kwa nguvu kuliko mtu yeyote, amina, amina, huku kucha zikikwaruza bati kutoka juu hadi chini, na kucha zile zilikuwa za mtu, ziliteleza na kukatika kama za mtu, na sauti ikaita mwaitu, mwaitu, kisha ikaita mara moja zaidi bila nguvu, kisha wakasikia pepo likiondoka, likiburura slipa juu ya changarawe kama msichana aliyechoka.

"Limetoka," akasema Pasta Mulinge, akapangusa jasho.

Rahmo alimtafuta Ndinda sokoni, barabarani, hadi Malili, hakumpata. Hakumsalimia Kasyoka tena. Jumapili Ndinda wa sebuleni alitoa ushuhuda kanisani, watu wakalia, wakamtia kwenye kwaya. Alikuwa na rangi zote sasa. Kasyoka peke yake ndiye aliyekaa naye karibu kiasi cha kujua kwamba kifua chake hakipandi wala hakishuki, na kwamba chakula anachopika hakishibishi.

Ikafika siku mama yule akaanza kumchokoza.

"Nenda uchote maji."

"Sawa, mwaitu."

"Yamwage. Uchote tena."

"Sawa, mwaitu."

"Ninakuchukia," Kasyoka akamwambia, akilia waziwazi. "Nasikia harufu yako mpaka kwa nguo. Nakuchukia."

"Sawa, mwaitu," akajibu, akitabasamu lile tabasamu, lisilozidi wala kupungua mahali lilipovutwa.

Simu ilipigwa mchana mmoja, namba asiyoijua.

"Ni mama wa Ndinda? Mimi naitwa Nadifa, niko na hoteli hapa Tseikuru. Kuna msichana alishuka hapa na lori ya mbuzi ikirudi tupu. Amekonda vibaya, lakini anaosha vyombo, na mdomo ako nao." Mwanamke alicheka kidogo. "Nimemwomba namba yako mpaka nikachoka, leo ndio ametoa. Nikasema nimpige picha nikutumie, uone kama ni wako. Amekataa kabisa."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na sufuria zikigongana, na mtu akisema kwa hasira: "Nimesema sitaki."

Kasyoka akaibana simu sikioni. Jikoni kisu kilichokuwa kinakata sukuma kikanyamaza. Hakusikia hatua, alisikia tu kidevu kikitua begani mwake, taratibu, upande ule wenye simu, na hakuna pumzi iliyomgusa shingo.

"Mama? Uko? Ni wako?"

Tseikuru si mwisho wa dunia. Lori huenda na kurudi, na aliyemfuata mtoto kutoka bwenini angeweza kupanda mojawapo.

"Hapana," Kasyoka akasema. "Wangu ako hapa nyumbani."

Nadifa akasikika akiongea mbali na simu, kwa upole, kama anayempa mtu habari ya msiba. Yule mwingine hakulia.

"Si nilikuambia," akasema, na sufuria zikaendelea.

Simu ikakatika. Mkono ukaichukua kutoka kwa Kasyoka na kuiweka mezani vizuri.

"Chakula kiko tayari, mwaitu."

Kasyoka akaenda akaketi, akala.