Besi ya Kuegemea

Asubuhi jua liliingia karakanani kupitia mlangoni. Vumbi la sponji likaelea ndani ya mwanga wake bila haraka. Fundi makochi aliipenda saa hiyo. Alivuta kitambaa, akapigilia msumari, akavuta tena. Midomo yake nayo ilipiga besi polepole: dum, dum-du, dum. Mteja angeweza kusimama mlangoni dakika tano nzima bila kuonekana.

"Fundi, umesafiri?" wateja walimtania.

"Nimerudi, nimerudi! Kochi lako kesho."

Kesho hiyo wateja waliijua, wakacheka na kwenda zao.

Jioni alipiga gitaa la besi katika bendi ya mtaa. Mkewe, mshona mapazia, hakukosa hata siku moja. Alikuwa hasikii. Homa kali ilimwondolea usikivu miaka sita iliyopita. Lakini besi aliipata. Aliketi kwenye kigoda, akaegemeza mgongo kwenye amplifaya ya mumewe, lile sanduku la kukuza sauti ya gitaa, akafumba macho. Sauti nzito ilipita kwenye mbao, ikamwingia mgongoni, ikashuka taratibu hadi kwenye nyayo. Waliomwona walidhani amelala fofofo. Kumbe alikuwa anamsikiliza mumewe.

Kisha bendi ikapata ukumbi mkubwa wa kupigia kila Jumapili.

"Humu kila sauti inapitia kwenye mikisa," alisema kiongozi wa bendi. Alionyesha mashine ya kuchanganyia sauti iliyokuwa kule mlangoni. "Halafu zote zinatoka kwenye spika kubwa. Amplifaya yako iache nyumbani."

Fundi akatii. Alichomeka waya mrefu kwenye gitaa. Waya ukafuata ukuta wa ukumbi mzima hadi kwenye mikisa. Besi ikatoka imepwaya, kama chai iliyoongezwa maji.

Mkewe alikaa kiti cha mbele. Aligusa kiti kwa kiganja. Akavua viatu, akakanyaga sakafu. Kutoka jukwaani, fundi alimwona akimtafuta, na hakumpata.

Njiani kurudi nyumbani mkewe alisema kwa sauti ya juu, maana hakuisikia sauti yake mwenyewe, "Ngoma nimeipata. Watu wanaoruka nimewapata. Wewe sikukupata." Akaongeza, "Jumapili nenda tu. Mimi nitabaki na mapazia yangu."

Maneno hayo yalimchoma fundi. Usiku ule hakula vizuri.

Siku ya mazoezi alimbembeleza mkewe, wakaja wote na amplifaya juu ya mkokoteni. Fundi alikuwa amemenya waya wa gitaa na kuufanya wa matawi mawili. Tawi moja alilichomeka kwenye amplifaya, jingine likaenda kwenye mikisa. Akawasha.

Mmmmmmmm! Ukumbi mzima ukanguruma.

"Fundi, umetuletea mashine ya kusaga?" aliuliza kiongozi. Wenzake wakaangua kicheko. Kiongozi hakucheka. "Ikinguruma hivi Jumapili, hiyo amplifaya itakaa nje."

Fundi alikumbuka maneno ya mtu fulani, kwamba mngurumo huletwa na pini ya tatu ya plagi. Akachomoa plagi ya amplifaya ukutani. Akatoa koleo lake la misumari. Alikuwa ameshaibana ile pini alipoguswa begani.

Aliyemgusa alikuwa mwanamke, fundi wa sauti wa ukumbi. Wote walimwita Bi Nyaya, kwa sababu hukumkuta hata siku moja bila waya shingoni.

"Kaka, weka koleo chini," alisema. "Unataka kumuua wifi yangu?"

"Kumuua? Nataka kuondoa mngurumo tu, dada."

"Hiyo ni pini ya athi. Umeme ukivuja ndani ya amplifaya, unapita hapo kwenda ardhini. Ukiikata, unabaki kwenye chuma cha amplifaya, unamsubiri mtu. Unaweza kufika hata kwenye nyuzi za gitaa lako. Sasa niambie, ni nani anaegemea hapa?"

Fundi aligeuka. Mkewe alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, mgongo ukigusa amplifaya, anawatazama. Koleo likamponyoka.

Bi Nyaya akaigeuza plagi, akaichunguza. "Bado nzima. Shukuru."

Alifungua mkoba wake, akatoa kisanduku cha chuma, kidogo kama kipande cha sabuni. Akamgeukia mke wa fundi ili aone midomo yake. Alieleza polepole, kwa wote wawili.

"Hiki tunakiita daireki boksi. Sauti inayotoka kwenye gitaa ni nyonge. Ukiipitisha kwenye waya mrefu, inachoka njiani na inaokota kelele. Kwa hiyo waya wa gitaa uwe mfupi. Uishie hapa, miguuni pako. Kisanduku kinaigeuza sauti iweze kustahimili safari. Kisha waya huu, wa aina ya maikrofoni, unaipeleka kwenye mikisa."

"Na amplifaya?" fundi aliuliza.

"Tundu hili la pili linaipitisha sauti ileile ya gitaa hadi kwenye amplifaya. Ukumbi unapata besi, na wifi anapata yake."

"Si ningechukua tu sauti kule nyuma ya amplifaya, unapotoka waya wa spika?"

"Thubutu! Hapo nguvu ni kubwa. Utakiunguza kisanduku."

"Na ule mngurumo?"

"Mikisa ina athi yake, amplifaya ina yake. Ukiziunganisha tena kwa waya wa sauti, umeme mdogo unazunguka kati yake. Ndio unaonguruma. Ukiusikia, bonyeza swichi hii. Inakata athi ya waya wa sauti peke yake. Athi ya ukutani hatuigusi abadani."

Bi Nyaya alikwenda kwenye mikisa, akateremsha sauti ya besi. "Kabla ya kuchomeka, teremsha kwanza," aliita. "La sivyo, spika zitapiga kishindo."

Fundi alichomeka kama alivyoelekezwa. Sauti ikapandishwa. Mngurumo bado ulikuwepo, mdogo. Akabonyeza swichi.

Kimya. Feni ya darini ikasikika ikizunguka.

Akapiga noti moja. Besi ikajaa ukumbini, nene na safi, ikatambaa chini ya viti na kupanda ukutani. Akapiga ya pili. Mkewe akafumba macho. Bega lake moja likalegea, kisha la pili. Fundi akaendelea kupiga bila kujua anapiga wimbo gani. Ilikuwa kama wamebaki wawili tu ndani ya mwanga wa mchana. Alitaka kulia, akaona haya mbele ya wenzake.

Jumapili ukumbi ulijaa pomoni mchana kweupe. Kisanduku kilikaa miguuni pa fundi. Amplifaya ilisimama kando yake na plagi yake kamili, na mshona mapazia alikuwa ameiegemea. Hapakuwa na mngurumo. Watu wa mlangoni waliipata besi sawa na watu wa mbele. Kiongozi wa bendi alimpungia Bi Nyaya mkono kwa furaha.

Wimbo wa tatu ulipokwisha, watu wakapiga makofi. Mshona mapazia akafumbua macho.

"Fundi!" aliita, na ukumbi wote ukamsikia. "Pale katikati umekimbia! Ulikuwa unawahi wapi?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mpiga ngoma akakubali kwa kichwa kwamba ni kweli. Fundi alisimama jukwaani huku machozi yakimtoka. Miaka sita alikuwa amesifiwa na watu wengi, lakini hakuna aliyempa furaha kama mtu huyu aliyemkosoa.

"Turudie," aliwaambia wenzake. "Kuna mtu anasikiliza."