Walisema Kazi ya Binti Yangu Haina Mwenyewe

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mkulima wa majani chai upande wa Kaplong. Shule nilimalizia masomo ya jioni pale kanisani. Kompyuta sijui... lakini watu nawajua.

Binti yangu Chelangat ni fundi wa mizani za umeme kwa kiwanda cha chai. Ndani ya mizani kuna chip ya aina mpya. Sasa kuna programu inaitwa kompaila, inageuza maandishi ya fundi kuwa lugha ya chip. Ni ya bure, watu wa dunia nzima wanaitengeneza pamoja. Lakini kompaila haikuijua chip yetu! Chelangat akaandika sehemu ya kuifundisha. Mwaka mzima, wapendwa!

Imeili alikuwa nayo rafiki yake Joel, karani huko Kericho mjini. Kazi ikatumwa kwa wale watengenezaji wa ng'ambo kwa jina la Joel.

Nikamuuliza Chelangat, "Na jina lako?"

"Mama, wacha kushuku watu! Wewe ungekuwa polisi."

Joel alikuja kila Jumamosi, anamaliza mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ananiita "mamangu". Lakini nikiuliza wale wa ng'ambo wamesema nini, anaangalia mlango. Mtu wa roho safi anaangalia mlango kwa nini?

Chelangat akajifungua. Kompaila inabadilishwa kila mara, na sehemu yake lazima irekebishwe nayo, la sivyo inaharibika. Akamwachia Joel. Akasema ni kimanagan tu, ile desturi yetu ya kumpa rafiki ng'ombe akuchungie: maziwa anakunywa, ng'ombe inabaki yako.

"Kimanagan iko na mashahidi," nikamwambia. "Wako ni nani?"

Akacheka...

Joel akapata kazi kubwa Nairobi, kwa sifa ya kazi hiyo. Akapotea! Chelangat akaenda kusoma habari kwa kompyuta ya chuo cha hapa karibu. Wale wa ng'ambo wameandika: sehemu hii imeharibika, Joel hajibu, haina mwenyewe, tumeitoa.

Haina mwenyewe! Na mwenyewe alikuwa jikoni kwangu, ananyonyesha!

Akawaandikia. Wakamjibu hawamjui, lakini akiitengeneza wataipokea. Yamebadilika mengi, karibu aanze upya. Ameanza. Kwa jina lake. Mimi nabeba mtoto na kuomba.

Wasichana, nawasihi, kabla hujamwachia mtu ng'ombe yako, ita majirani waione!

Na Joel, kama unasoma... bado nakuombea. Lakini ule mlango uliokuwa unaangalia, nimeufunga.