Kilio Kisicho na Maiti

Watu wa kijiji cha Szilvád walikuwa wanarudi kutoka makaburini walikowasha mishumaa ya Siku ya Wafu, mikono inanuka nta, wakati Boróka Keszei aliposhuka kwenye basi na kinasa sauti begani. Giza lilikuwa linaingia. Alikuja kutafuta kilio.

Kazi yake ilikuwa kutunga muziki wa okestra kwa ajili ya vionjo, yaani video fupi za kutangaza gemu za kompyuta, zile za safari na hatari, shujaa anaruka majabali na kufukua makaburi ya wafalme. Kionjo cha safari hii kilikuwa kimekamilika, isipokuwa mahali pamoja. Pale ngoma zinapokatika ghafla, kabla ya kishindo cha mwisho, palitaka sauti ya mtu mmoja. Waimbaji wa Budapest aliwajaribu. Wote waliimba vizuri mno.

Dezső, mpiga selo wake wa siku nyingi, ndiye aliyemtajia Bibi Rozália. "Huko kwetu ndiye wa mwisho anayejua kulilia maiti," alimwambia. "Ila usitaje gemu. Atakutimua na ufagio."

Bibi Rozália alimkaribisha karibu na jiko, akamwekea mkate wa jozi na kikombe kidogo cha pombe ya plamu.

"Kunywa. Umekonda kama ufito. Mume hakulishi?"

"Sina mume, Bibi."

"Mama je?"

"Alifariki."

"Hata paka?"

Wakacheka wote wawili. Boróka alinyamaza wa kwanza.

Alipoeleza haja yake, kizee aliweka kikombe chini. "Nani kafa?"

"Hakuna. Nahitaji sauti tu."

"Kilio hakiimbwi hivihivi, mwanangu. Kilio ni mwito. Kinawaambia walioko kule waje kumpokea mtu wao. Sasa wakija, wamkute nani?"

"Basi mlilie mama."

"Si alishaliliwa? Muache apumzike."

Boróka alikitazama kinasa sauti. Wapigaji walikuwa wanamsubiri mjini. Lakini neno lililomtoka halikuwa la kazi.

"Nililie mimi."

Kuni zikapasuka jikoni.

"Usiseme hivyo."

"Nikifa nani atanililia, Bibi? Nipe sasa, nami nisikie."

Kizee akamwangalia. Huenda ni huruma iliyomponza. Akajifunga kitambaa cheusi, akamuuliza jina lake na la mama yake, akafumba macho.

Sauti iliyotoka haikuwa ya ajuza.

"Boróka, Boróka wangu, kitanda chako kimepoa, hakuna aliyekutandikia... Margit, amka, Margit! Mwanao anakuja peke yake, na njia ina giza. Njoo umshike mkono..."

Boróka alilia kama mtoto. Miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kulitamka jina lake namna ile.

Mlangoni, Bibi Rozália alimng'ang'ania mkono. "Ifute. Umesikia, yatosha."

"Sawa, Bibi."

Hakuifuta.

Studio ilikuwa na mwanga, na kahawa, na vicheko vya wapiga tarumbeta. Kisha taa nyekundu ikawaka. Ngoma zikapanda, fidla zikapanda, zikakatika... na sauti ile ikaingia masikioni mwa wapigaji wote.

Upinde wa Dezső ulisimama. Mwanamke mmoja wa fidla akafanya ishara ya msalaba.

"Boróka," Dezső alisema polepole, "hilo ni jina lako."

"Ni jina tu. Watakaotazama hawajui lugha yetu."

"Hao sawa. Na wale wanaoijua?"

Akaagiza warekodi tena. Ulikuwa muziki bora kuliko wote aliowahi kutunga. Kionjo kilipotoka, watu wa nchi asizozijua walikirudia na kukirudia.

Jioni ya siku ile kilipotoka, mlango wake ukagongwa.

Tak. Tak-tak.

Mgongo wa pete juu ya mbao. Mama yake alikuwa akigonga hivyo. Boróka akasikia harufu ya nta, na chini yake harufu ya yale matunda ya manjano ambayo mama alikuwa akiyapanga juu ya kabati kila vuli.

Akachungulia kwenye tundu la mlango. Korido ilikuwa tupu.

"Boróka..." Mnong'ono ulitoka palepale penye utupu. "Nimesikia unakuja. Mbona hufiki?"

Kesho yake Dezső alimpeleka Szilvád kwa gari. Bibi Rozália alikuwa kitandani. Sauti yake ilikuwa imekwisha, umebaki mnong'ono tu.

"Umeifuta?"

"Dunia nzima inaisikiliza, Bibi."

Kizee akageukia ukuta. "Basi kila inapolia, mama yako anaamshwa upya. Maskini Margit! Hatalala huyo."

"Nifanye nini?"

"Usimjibu. Ukimjibu, atajua umefika, naye atakupokea kule."

Boróka aliwaomba wenye gemu wakiondoe kionjo. Wakamcheka kwa upole: nani huondoa kitu kinachopendwa hivyo?

Kila jioni mlango uligongwa. Kila jioni Boróka aliziba masikio. Lakini ile sauti haikutisha tena kama mwanzo. Ilikuwa inachoka. Wiki baada ya wiki ilichoka, hadi siku moja haikuita tena. Iliomba.

"Miguu inauma, mwanangu. Wananiamsha, nakuja, sikukuti. Narudi, wananiamsha. Hata kiti tu..."

Boróka alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Akahisi mbao zinasukumwa taratibu kutoka upande wa pili, kama mtu naye anajiegemeza. Baridi ikapenya hadi kwenye nguo yake.

Kutoka dirisha la jirani fulani, ngoma zilipanda, zikakatika. Kilio kikaanza tena.

Nyuma ya mlango, mtu mzima akaguna kwa maumivu.

Mwisho wa wiki Dezső alimpigia simu. Kulikuwa na kazi mpya, na wenye gemu walitaka kukutana naye jioni.

"Jioni siwezi," Boróka alisema. "Nina mgeni."

Tangu wafahamiane, Dezső hakuwahi kumsikia na furaha kiasi kile.

"Boróka... umemjibu?"

Nyuma ya pumzi za Boróka, Dezső akasikia kiti kinavutwa sakafuni, na mwanamke mwingine, kwa sauti ya mtu aliyepumzika vyema, anauliza ni nani huyo kwenye simu.